Sensa ya Gizani

Tadeja ananifunga kamba kiunoni kama mbuzi wa mnada,
ananipa daftari na penseli mbili (moja, anasema, itadondoka),
na tunashuka kwa shimo lililo nyuma ya zizi la Vekoslav,
pale bibi yangu alipotupa vyungu vyake vilivyopasuka
na, mwaka wa vita, wengine wakatupa wasiyoyasema.

Huku kwetu Karst mito haina adabu:
inatembea juu kidogo, ikichoka inaingia ardhini
bila kuaga, na kuibuka bonde la tatu ina jina jingine.

Mlangoni kungali na mwanga wa kuazima.
Popo wananing'inia, pua zimekunjwa kama kwato.
Mia moja na kumi na wawili, andika.
Mmoja anajikuna, kumbe ni wawili. Futa.
Nondo wamelala ukutani, umande umewavisha shanga.
Buibui ameutundika mfuko wa mayai kwa uzi mmoja,
taa ambayo hakuna atakayeiwasha.

Kona ya pili, rangi zinakwisha.
Si giza la usiku; usiku una mbwa wa jirani, una dirisha.
Hili ni giza ambalo halijawahi kuwa kitu kingine.
Nikasema, "Hapa hakuna mtu."
Tadeja akanishika kidevu, akaielekeza taa yangu chini.

Mbawakawa, tumbo kama tone la asali, shingo ya sindano,
akipita kwa miguu mirefu ya mzazi asiyetaka kuamsha mtoto.
Jongoo asiye na rangi akilamba ukuta.
Nge mdogo aliyesahau mkia.
Konokono; nilidhani ni mchanga, mchanga ukapiga hatua.
Majini kamba wa kioo: unaona mlo wake ukishuka.
Na minyoo waliojijengea mabomba ya mawe, bomba juu ya bomba,
mtaa mzima, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona jua.

"Wanakula nini?"
"Tunachoangusha. Jani la mafuriko. Kinyesi cha popo.
Unywele wako wa sasa hivi; wiki hii wana karamu."
Penseli ikadondoka. Hatukuisikia ikifika.

Kisha kidimbwi. Tadeja akanong'ona: "Kitendawili."
"Tega."
"Ana mikono, hana mzigo.
Amevaa matamvua mekundu shingoni, hana harusi.
Mnyime chakula mwaka mzima, hatakusema kwa jirani."
Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, ila nikampa mji:
chukua Ljubljana yote, na madaraja yake.

Hakutaja jina. Alionyesha tu.
Mweupe, mwekundu kidogo, kama kidole kilichokaa sana majini.
Bibi Jerica alimvuta mmoja kwenye ndoo, baada ya mvua ya siku tisa,
akalia kwamba joka la chini limezaa, na huyu ni mtoto wake amepotea.
Akamrudisha kisimani kabla padri hajapata habari,
na jioni ile, alituambia, maji ya supu aliyaomba kwa jirani.

Huyu wa leo ana pengo mkiani.
Tangu daftari la kwanza hajahama jiwe lake.
Wanaishi miaka mia, anasema Tadeja. Nikaanza kuhesabu
miaka ya ndoo, nikaacha. Nikaandika: mmoja, yupo.

Juu, jua lilitupiga kofi.
Vekoslav alikuwa akisukuma pipa la samadi karibu na shimo,
Vekoslav ambaye tangu Milojka afe huandaa sahani moja.
"Wangapi?"
"Elfu mbili mia nne na sita. Mwisho hatujaufikia."

Akatazama ardhi iliyo chini ya viatu vyake, muda,
kama mtu aliyesikia hatua katika chumba alichodhani kitupu.
Halafu akaligeuza pipa, akalisukuma kuelekea barabarani,
shubiri, shubiri nyingine, akihema,
na tulipokwenda kumsaidia akatufukuza kwa mkono.